SIKU YA NAIROBI ISIFUTWE

Nina dukuduku langu. Nimekuwa nalo moyoni tangu mkutano wa chama wa muhula wa pili, na wahenga walisema mficha uchi hazai. Wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunizomea.

Katika mkutano ule katibu wetu alisoma hoja kwamba safari ijayo ya Mombasa tusikae tena Nairobi siku nzima kama tulivyofanya Aprili 2025. Alitaka tupande basi la moja kwa moja kutoka hapa Kakamega mjini, tulale humo, tuamke humo, mpaka Mombasa. Alisema kwamba ile siku ya kungojea treni ilikula pesa, ilituchosha, na haikuwa na faida yoyote. Kuhusu faida alitamka maneno ambayo sijayasahau: "Hata wale waliokwenda kutembea walirudi wakasema hakuna kitu."

Mikono ikainuka. Nilihesabu mikono 31. Wangu ulibaki chini ya dawati, lakini mdomo nao ulibaki umefungwa. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye maoni tofauti, niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Hapo mwalimu mlezi akasema hoja itapigiwa kura ya mwisho kwenye mkutano wa kufunga mwaka, na mwenye neno aliandike jaridani. Basi neno langu ndilo hili.

Kwa wale ambao hawakuwamo, nieleze kidogo. Tulikuwa wanafunzi 34 na walimu wawili. Shule rafiki ya huko Mombasa ilikuwa imetualika kwa mashindano ya mijadala na ushairi. Tulitoka stejini hapa Kakamega saa mbili usiku, tukapita Chavakali na Kapsabet wengi wakiimba, na tulipofika Timboroa baridi ilinyamazisha hata wale waimbaji wa kanisani. Saa kumi na moja alfajiri tukashuka Nairobi, Machakos Country Bus, mvua inanyesha, matope mpaka kwenye soksi. Treni yetu ya SGR ilikuwa ya saa tisa alasiri na tikiti zilikwisha nunuliwa, shilingi 1,500 kila mmoja. Hesabu mwenyewe. Tulikuwa na saa kumi za kukaa katika mji ambao watu 29 kati yetu hawakuwa wameuona kwa macho.

Msicheke. Sisi ni shule ya kutwa. Wenzetu wa mabweni husafiri kila muhula, sisi safari yetu ni kutoka nyumbani hadi shuleni na kurudi, kupitia sokoni kama umetumwa chumvi. Mimi nilizaliwa hapa Shieywe, na kabla ya Aprili ile mbali zaidi nilikokuwa nimefika ni Kisumu, tena kwa matanga ya khocha. Mama yangu huuza mboga. Alilipa pesa ya safari hii kwa vipande vinne, na kipande cha mwisho kilikuwa cha shilingi hamsini hamsini nyingi zilizokunjwa ndani ya leso. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba siku moja nzima ya safari hiyo ilikuwa ya bure, naona kama robo ya hizo pesa za leso imetupwa shimoni.

Sasa tatizo. Mpango ulikuwa tukae kwenye kihoteli kimoja karibu na stendi, tunywe chai, tungoje. Tukakaa. Mabegi yetu yalikuwa mlima! Kuna waliobeba magodoro. Kulikuwa na gunia la unga wa mahindi la kuwapelekea wenyeji wetu, ndoo mbili, sufuria, na debe la njugu. Mwenzetu mmoja, sitamtaja lakini anajijua, alikuwa amebeba kuku hai ndani ya kikapu kwa sababu nyumbani kwao walimwambia hakuna Mluhya anayekwenda kwa watu mikono mitupu. Kuku huyo alilala vizuri kuliko sisi sote.

Ilipogonga saa mbili asubuhi, mvua ikaisha. Mwalimu mlezi, ambaye alisomea Nairobi, akatutazama tulivyokunjamana akatuhurumia. Akasema tujigawe makundi mawili. Kundi la kwanza litembee naye mpaka saa nne, la pili libaki na mwalimu mwenziwe kulinda mizigo, halafu tubadilishane. Akatuonya: "Ukipotea, usiulize mtu kila hatua. Uliza tu sanamu ya Tom Mboya iko wapi, usimame hapo mpaka nije." Mimi nikaangukia kundi la kwanza. Katibu wetu, ambaye tunakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, akaangukia la pili. Nikampa begi langu. Akalikalia.

Ndugu msomaji, niruhusu nikuambie tulichoona, kwa kuwa hapa ndipo penye ubishi.

Tulifuata barabara ya Haile Selassie, tukapita soko la Wakulima ambalo wenyewe huliita Marikiti. Wapagazi wanakimbia na mikokoteni ya viazi wakipiga mluzi, na usipopisha utapishwa. Tukafika pale barabara hiyo inapokutana na Moi Avenue. Kuna bustani ndogo yenye ukuta. Ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi hiyohiyo ubalozi wao wa Dar es Salaam nao ukalipuliwa. Nairobi peke yake walikufa watu 213. Majina yameandikwa ukutani. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye, na hilo bomu nililijua kama swali la historia la maksi mbili. Pale niliona majina, na mengi ni majina ya Kenya hii tunayoijua, ya watu waliokwenda kazini siku ya Ijumaa. Mengine ni majina ya nyumbani kwetu kabisa, ya aina ile ukiyasikia unauliza, "Huyu ni wa wapi, wa Butere au wa Khwisero?" Msichana mmoja wa kidato cha nne alipitisha kidole kwenye ukuta akitafuta jina la ukoo wao. Sijui kama alilipata. Hakutuambia, nasi hatukumwuliza.

Tukapanda na Moi Avenue hadi kwa huyo Mboya mwenyewe. Sanamu yake ilisimamishwa 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, wakati huo barabara hiyo ikiitwa Government Road. Alikuwa na miaka 38. Mwalimu akatukumbusha kwamba huyu ndiye aliyehangaika mpaka wanafunzi 81 wakapanda ndege mwaka 1959 kwenda kusoma Marekani, wakati mtoto wa Mwafrika kupata chuo kikuu ilikuwa kama kupata mvua ya mawe jangwani. Mmoja wetu akasema, "Kumbe hata yeye alikuwa mtu wa safari za wanafunzi!" Tukacheka, ingawa ni kweli.

Nyuma ya sanamu ndipo lilipo jumba la Nyaraka za Taifa, na hapa nitakaa kidogo. Kiingilio chake ni kidogo. Ghorofa ya chini imejaa vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 kwa muda usiotimiza mwaka, akaacha siasa. Kuna vinyago kutoka Afrika Magharibi, nguo, mapambo, silaha, stempu chungu nzima. Mimi nilidhani makamu wa rais akiacha kazi huenda kulima tu. Huyu aliikusanya Afrika akaiacha mjini ili mtu wa Shieywe aliyeshuka basi na matope kwenye soksi aione.

Lakini kilichonishika ni jambo jingine. Mwalimu alituambia kwamba katika jumba hilo yamehifadhiwa mafaili ya serikali ya mkoloni ya wilaya yetu, enzi ilipoitwa North Kavirondo, makao yake makuu yakiwa hapahapa Kakamega. Akatukumbusha habari ya dhahabu. Dhahabu ilipogunduliwa kwetu mwaka 1931, Wazungu walimiminika na mahema yao, na mwaka 1932 serikali ikageuza sheria ya ardhi iliyokuwa imetungwa miaka miwili tu kabla yake kuwalinda Waafrika, ili mashamba yenye dhahabu yaweze kuchukuliwa. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Mimi Rosterman ninaijua kama mtaa! Nimecheza mpira huko. Kukhu wangu husema kuna mashimo ambayo mtoto hapaswi kukaribia, na siku zote nilidhani anatutisha tu kwa mizimu ili tusichelewe kurudi. Basi nilisafiri usiku kucha, zaidi ya kilomita mia tatu, ili nikaambiwe habari za shamba la jirani. Huo ndio mji ambao ati hauna kitu.

Saa nne ikatukuta bado tumo ndani. Hapa lazima niseme ukweli ingawa unauma upande wangu. Tulipotoka, mwenzetu mmoja alikuwa hayupo. Tulimtafuta kwa dakika arobaini. Alikuwa amevutwa na kijana mmoja aliyemwonyesha simu nzuri ya bei ya kutupa, akalipa, akapewa ikiwa kwenye kasha lake limefungwa vizuri. Tulimkuta kwa Mboya kama alivyoagizwa, amesimama wima kama askari. Tulipofungua kasha, simu ilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia. Angalau alifulia sare yake huko Mombasa.

Tukarudi kihotelini ikiwa saa tano na dakika arobaini. Kundi la pili walikuwa wameshavaa viatu tangu saa nne kasoro, wamejipanga mlangoni, mpaka wakachoka wakaketi tena. Hakukuwa na muda. Ilibidi kubeba magodoro, ndoo, unga na yule kuku hadi stesheni ya reli tukapande treni ndogo inayounganisha mjini na stesheni ya SGR kule Syokimau, na huko mizigo hupangwa mstari inuswe na mbwa kabla hujaingia. Wanafunzi 17 waliiona Nairobi. Wanafunzi 17 waliona ukuta wa kihoteli na mgongo wa gunia la unga.

Katibu alikuwa bado amekalia begi langu. Aliniuliza, "Mmeona nini?"

Nikamwambia, "Hakuna kitu. Majumba tu. Hujakosa chochote."

Nilidanganya. Nilimwona jinsi alivyochoka, nikaona haya, nikafikiri nikimsimulia habari za ukuta wa majina na jumba la Murumbi nitakuwa namtia chumvi kwenye kidonda. Nikafikiri ni wema. Na wenzangu wa kundi la kwanza, nafikiri nao waliwajibu rafiki zao vivyo hivyo, maana kwenye treni hakuna aliyezungumzia matembezi yale. Sasa uwongo wetu mdogo umekuwa hoja kamili, umesomwa mkutanoni na kupigiwa makofi. Katibu hakusema uwongo. Alinukuu wa kwangu.

Kwa hiyo, wenzangu, sipingani na katibu kwamba yeye alichoka na hakupata faida. Amesema kweli tupu. Ninachopinga ni dawa. Kama nusu ya watu walikula na nusu wakalala njaa, hatuvunji sufuria, tunaongeza sahani. Siku ile haikuwa mbaya. Tuliigawa vibaya, na sisi wa kundi la kwanza tuliila siku ya wenzetu kwa kuchelewa.

Tuje kwenye basi la moja kwa moja. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Aliyewahi kukaa kwenye kiti cha nyuma mpaka Nairobi tu anajua magoti yanavyolia; sasa ongeza mara mbili. Tutafika Mombasa tumevimba miguu, kisha tuingie kwenye mdahalo na watoto waliolala kwao, ambao Kiswahili walikinyonya na maziwa. Kuhusu pesa, nakubali basi ni nafuu kuliko treni. Lakini matembezi yenyewe hayakula pesa ya maana. Tulikwenda kwa miguu, na viingilio vilikuwa vidogo. Kilichokula pesa ni chai na mandazi ya watu waliokaa saa saba hawana la kufanya, kwa sababu mwenye kihoteli alipita kila saa akiuliza kama tunaongeza au tunatoka. Aliyekaa alitumia zaidi ya aliyetembea. Mweka hazina anayo madaftari, mwulizeni.

Kuna wanaosema Nairobi ni hatari, na kisa cha sabuni wanakitaja kila siku. Sawa. Lakini tazama. Aliyepotea alijua pa kusimama kwa kuwa aliambiwa mapema, na akapatikana. Hatukumpoteza mtu. Tulipoteza pesa za mtu mmoja mwenye tamaa ya simu, na tamaa hiyo angekuwa nayo hata Mombasa, hata hapa Kakamega siku ya soko.

Nimesoma kwamba huko Singapore, katika uwanja wa ndege wa Changi, abiria anayengojea ndege nyingine kwa muda wa saa tano na nusu au zaidi anaweza kujiandikisha akatembezwa mjini bure, na mwongozaji juu. Nchi yenyewe ina eneo la kilomita za mraba zaidi kidogo ya 700. Kaunti yetu ya Kakamega pekee ina zaidi ya 3,000. Nchi ndogo namna hiyo imeona kwamba mpita njia ni mgeni, na mgeni haachwi kwenye benchi akihesabu taa za dari. Wao wanaona saa tano na nusu zinatosha. Sisi tulikuwa na kumi.

Tena Nairobi yenyewe, kama tungekuwa na haki ya kumcheka mtu, ilizaliwa kutokana na kungoja. Reli iliyotoka Mombasa ilipofika maili 327 mwaka 1899, wajenzi walisimama pale kwenye maji baridi ya Wamasai wakaweka kambi na ghala kabla ya kuanza kupanda milima kuja kwetu, na Kisumu wakafika 1901. Walikuwa wanapita tu, nao! Mji mkuu wa nchi ni stendi iliyosahau kuondoka. Kama wale wangekaa wakilinda mabegi, leo pangekuwa bado na mahema.

Na hapohapo karibu na stesheni tuliyopandia ile treni ndogo pana makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa 1971. Mwalimu alituonyesha kwa kidole tu tukiwa tunakimbia na ndoo. Humo lipo behewa ambalo afisa wa polisi aitwaye Ryall alivutwa nje na simba mwaka 1900 huko Kima, yeye akiwa amekuja kumwinda huyo simba, usingizi ukamshinda. Tulipita hatua chache kutoka kwenye behewa hilo tukiwa tumebeba kuku. Mimi hadi leo hilo linanikera.

Basi naleta pendekezo langu, na ninaomba mwenyekiti alisome kabla ya kura.

Kwanza magodoro yabaki nyumbani. Wenyeji wetu walikuwa wametuandalia vitanda, magodoro yale yalilala tu. Kila mtu abebe begi moja la mgongoni, zawadi ya wenyeji tukainunue hukohuko Mombasa, na kama ni lazima kuku aende, basi achinjwe akaangwe. Mizigo ikipungua, watu wanne wanatosha kulinda pamoja na mwalimu mmoja, si kumi na saba. Wanne hao wabadilishwe saa nne kamili, na saa nne iwe saa nne. Atakayechelewesha kundi lake alipe kwa kulinda siku ya kurudi pia. Walioona ukuta wa majina na jumba la Nyaraka mara iliyopita wasitangulie tena. Wale 17 ndio waanze, nao wachague pa kwenda. Mimi ningewashauri behewa la simba, lakini sitawachagulia.

Katibu amenisamehe au hajanisamehe, sina hakika. Nilimpa makala haya ayasome kabla ya mhariri. Aliyasoma akiwa amesimama, akafika pale pa "hakuna kitu", akanitazama, akaendelea kusoma mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: ule ukuta wa majina, kuna jina la ukoo wao? Nikamwambia sikuangalia. Akasema, "Basi nitaangalia mwenyewe."

Sijui atapiga kura gani. Hoja ikishindwa na tukapitia Nairobi tena, ninaomba niandikwe miongoni mwa wanne wa zamu ya kwanza, kuanzia saa mbili hadi saa nne. Begi lake nitalikalia mimi.